Kipimo cha EEG huanzia nyumbani

Mtu anayeletwa kupimwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kinachotumiwa hasa kwa kifafa, huwa ameshasikia mengi kabla hajafika mlangoni. Ameambiwa atapigwa shoti, au mashine itasoma mawazo yake, au isipoona kitu basi ugonjwa wake ni wa kurogwa. Sisi tunaopima huanza kwa kuyaondoa hayo taratibu. Mwenye hofu hukaza taya, na taya likikazwa kompyuta inaonyesha misuli, haionyeshi ubongo.

EEG inasikiliza tu. Seli za ubongo huzalisha umeme wao wenyewe zinapowasiliana, mchana na usiku, na elektrodi zinazobandikwa kichwani huupokea umeme huo na kuupeleka kwenye kompyuta ambako unachorwa kama mistari ya mawimbi. Hakuna umeme unaoingia kichwani, hakuna mionzi, hakuna sindano. Mjamzito anapimwa, kichanga anapimwa, na kipimo kinaweza kurudiwa mara nyingi kadiri inavyohitajika.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Mawimbi mengi tunayoyapata juu ya ngozi ya kichwa yako kati ya mikrovolti 10 na 100. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, kwa hiyo wimbi la mikrovolti 50 ni dogo kuliko betri hiyo mara 30,000, na hapo limeshapenya utando wa ubongo, fuvu na ngozi. Mafuta ya nywele yanaweza kulizuia. Jasho linaweza kulivuruga, na kupepesa jicho mara moja kunaweza kulifunika kabisa. Ukilishika hili, karibu kila agizo utakalopewa litakuwa na maana, na utaona kwa nini tunasema nusu ya kazi hufanyika nyumbani kwako jana yake.

Tuanze na nywele, kwa sababu ndizo zinazorudisha watu nyumbani bila kupimwa. Elektrodi ni kisahani kidogo cha chuma, upana wake kama milimita 10, sawa na kifungo cha shati. Ndani yake tunajaza pesti nzito yenye chumvi, kisha tunakibandika kwenye ngozi. Kwenye ngozi, si juu ya nywele. Wivingi iliyoshonwa, rasta za kuongeza au wigi lililogandishwa kwa gundi huacha nafasi ya hewa chini ya kisahani, na umeme mdogo kiasi hicho hauruki hewa. Mafuta ya nazi, mafuta mgando, jeli na dawa za kulainisha nywele huweka utando ambao pesti haiwezi kuushika. Kisahani kinaonekana kimekaa vizuri, kumbe baada ya dakika kumi kimeteleza.

Hasara haiishii kwenye kisahani hicho kimoja. Kila mstari unaouona kwenye kompyuta ni tofauti ya umeme kati ya elektrodi mbili. Ikilegea moja, inaharibu mistari yote inayoitumia, na ikilegea ile inayolinganishwa na zote, ukurasa mzima unaharibika.

Kwa hiyo osha nywele usiku wa kuamkia kipimo, mara mbili, kwa shampuu au hata sabuni ya kawaida, suuza vizuri na usipake chochote baadaye. Zikauke kabisa. Nywele mbichi zina tatizo lake: maji na pesti vinaweza kuunganisha elektrodi mbili zilizo jirani zikawa kama moja, na mstari wake ukalala bapa kana kwamba ubongo wa hapo umenyamaza. Fumua misuko yote ya kuongeza siku moja kabla, maana kufumua ukiwa kwenye benchi la kusubiri kunakula muda wako na wa mwenzako. Mwenye dredi hana haja ya kuzikata, na hakuna anayepaswa kunyolewa kwa ajili ya EEG ya kawaida. Aseme mapema tu apangiwe muda mrefu, kwa kuwa itabidi tutafute ngozi kati ya kishungi na kishungi.

Kuna msuko mmoja ambao badala ya kutuzuia unaweza kutusaidia: twende kilioni, nywele za mtu mwenyewe bila kuongeza, mistari iliyonyooka na njia zinazoonyesha ngozi. Huko Pittsburgh, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza elektrodi zinazojibana kwenye misuko ya namna hiyo, wakafuata njia zake kufika kwenye vituo, yaani sehemu za kichwa zinapobandikwa elektrodi. Walianza kutoka kwenye ukweli ambao kila msusi wa kwetu anaujua, kwamba vifaa hivi vilibuniwa kwa kuangalia nywele laini zilizolala. Tunalisema wazi kwa sababu wagonjwa wengi huona aibu wakiambiwa nywele zao ni tatizo. Nywele hazina kosa. Ila usisuke kabla ya kuuliza pale utakapopimiwa, kwa sababu njia zisipoangukia kwenye vituo itabidi ufumue.

Anayevaa hijabu ataifungua wakati wa kupimwa. Anayo haki ya kuomba chumba kifungwe na ahudumiwe na mwanamke. Ni vizuri aombe siku ya kupangiwa tarehe, ili zamu ipangwe.

Baada ya nywele ni usingizi. Dalili nyingi za kifafa hujitokeza mtu anapoanza kusinzia au akiwa usingizini, au pale ubongo umechoka kwa kukesha. Ndiyo maana daktari anaweza kuandika kipimo cha kukesha. Mtu mzima mara nyingi huambiwa alale saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri, asirudi tena kitandani. Mtoto hucheleweshwa kulala na kuamshwa mapema, kwa saa ambazo daktari atazitaja kulingana na umri wake. Kazi hiyo inaharibikia njiani. Mama amekesha na mtoto usiku kucha, anampandisha daladala, mtoto anasinzia robo saa mgongoni, na akifika kwetu macho yako wazi kama mchana. Aje mtu wa pili wa kumchangamsha njiani. Kwa kichanga ni kinyume: aletwe karibu na saa yake ya kulala akiwa na njaa kidogo, tumbandike elektrodi kwanza, ndipo mama amnyonyeshe. Akishiba analala mwenyewe, na hapo tunapata usingizi safi bila dawa.

Kukesha kunaweza kuchokoza kifafa. Hivyo aliyeambiwa akeshe asije peke yake, asiendeshe gari na asipande bodaboda, wala kuja wala kurudi.

Chakula kula kama kawaida. Sukari ikishuka mwilini mawimbi hupungua kasi, na msomaji anaweza kudhani ni ugonjwa. Anayefunga Ramadhani alitaje wakati wa kupanga tarehe. Acha kahawa, chai ya rangi nzito, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi tangu jioni ya jana yake, na pombe usiiguse.

Dawa za kifafa zisiachwe hata dozi moja, isipokuwa daktari aliyekuandikia amesema hivyo kwa mdomo wake. Tunalikazia hili kwa sababu lina hatari ya kweli: kuna wanaoziacha ili "ugonjwa uonekane vizuri", na mtu aliyeacha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, jambo linaloweza kuua. Njoo na orodha ya kila unachomeza, au beba pakiti zenyewe, pamoja na dawa za miti shamba. Diazepamu na fenobabito, kwa mfano, huongeza mawimbi ya kasi, na anayesoma kipimo akijua unazitumia hatayashangaa.

Kitu cha mwisho cha kubeba ni mtu aliyeona. Mwenye kifafa mara nyingi hajui kilichotokea, anajua alikuwa amesimama akajikuta chini. Aliyekuwepo ndiye anayejua kama shingo iligeukia kulia au kushoto, mkono upi ulianza kutikisika, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, ilichukua dakika ngapi, na baadaye alichanganyikiwa kwa muda gani. Video ya simu ni bora zaidi. Mgonjwa akianguka, mlaze kwanza kwa ubavu, ondoa vitu vya hatari, kisha mwingine arekodi mwili mzima na uso, amwite jina lake asikike kama anajibu, na asikate mpaka mgonjwa arudiwe na fahamu. Dakika mbili za video hiyo zinaweza kumsaidia daktari kuliko kurasa mia za mawimbi.

Kama mgonjwa ametoka kuanguka leo, mwulize daktari kama kipimo kinaweza kufanyika haraka. Ndani ya saa 24 baada ya tukio uwezekano wa kunasa dalili ni mkubwa kuliko ukisubiri wiki kadhaa.

Chumbani utakaa kwenye kiti au kulala kitandani, na kitu cha kwanza kitakachokugusa ni futi, kama ile ya fundi cherehani. Tunapima kutoka kibonyeo kilicho kati ya macho juu ya pua, kupitia utosini, hadi kinundu cha kisogoni. Tukipata sentimita 36, tunaweka alama ya kwanza asilimia 10 ya njia, yaani sentimita 3.6, na zinazofuata kila asilimia 20, yaani sentimita 7.2. Vivyo hivyo kutoka sikio hadi sikio na kuzunguka kichwa. Mpango huu wa 10 na 20 uliandikwa na Herbert Jasper mwaka 1958 na unatumika duniani kote, ndiyo maana daktari wa Nairobi anaweza kusoma kipimo kilichofanyiwa Mwanza bila kuuliza elektrodi iliwekwa wapi. Kila kituo kina herufi na namba: namba witiri ni kushoto, namba shufwa ni kulia. Alama zinachorwa kwa penseli laini na hutoka kwa maji.

Kisha tunasugua kila alama kwa pesti yenye chembechembe ili kuondoa ngozi kavu. Utahisi kama unasuguliwa na mchanga laini. Isifike kuuma, na kama una mapunye, kidonda au mshono kichwani useme kabla. Elektrodi 19 zinakwenda kichwani, 2 masikioni, na nyingine iitwayo ya ardhi, ya kupunguza vurugu za umeme wa nje, mara nyingi kwenye paji. Tukimaliza, mashine inapima ukinzani wa kila moja, yaani ugumu wa umeme kupita kati ya ngozi na kisahani, na tunataka uwe chini ya kiloomu 5. Ukituona tunarudi kusugua kituo kilekile mara ya tatu, ni kwa sababu hiyo. Kituo kimoja kikiwa na kiloomu 3 na jirani yake 20, umeme wa ukutani, unaotikisika mara 50 kwa sekunde (50 Hz), unapenya na kugeuza mstari kuwa mkanda mweusi. Feni, chaja na simu huongeza tatizo, hivyo simu utaiacha nje au utaizima.

Kubandika kwenyewe ndiko kunakochukua muda, dakika 20 hadi 40. Kurekodi kwa kawaida ni dakika 20 hadi 30, na kukiwa na usingizi kunaweza kuzidi saa moja. Tenga asubuhi nzima.

Utaambiwa ulegeze uso, mdomo uwe wazi kidogo, usitafune bablishi, ulimi utulie. Halafu utasikia: fumba macho. Hapo ndipo mtu aliyesindikiza, akisimama nyuma yetu, huona jambo lenyewe. Mistari ya kisogoni iliyokuwa imetapakaa inajipanga ghafla kuwa mawimbi laini yanayofuatana, kati ya 8 na 13 kwa sekunde. Fumbua macho, yanatoweka. Fumba, yanarudi. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na kuichapisha 1929, aliona hilo hilo. Hadi leo ni kati ya vitu vya kwanza tunavyovikagua: kasi yake, na kama kushoto na kulia vinalingana.

Kinafuata kipindi cha kupumua kwa kina kwa dakika 3. Kina ni muhimu kuliko haraka: vuta hadi tumbo lijae, toa yote. Vidole na midomo vitachonyota, kichwa kitakuwa chepesi, na hiyo ni hewa ya ukaa kupungua kwenye damu, itapita baada ya dakika moja au mbili. Lakini mishipa ya ubongo husinyaa kidogo wakati huo. Kwa hiyo mwenye selimundu asifanyishwe zoezi hili, wala aliyepata kiharusi karibuni, wala mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, au pumu kali. Tunauliza kila mara, lakini kwenye foleni ndefu swali linaweza kusahaulika. Kwa mtoto mwenye selimundu, mzazi alitamke kabla hata hajaulizwa.

Zoezi hili lina faida yake kubwa kwa mtoto anayesemwa darasani kwamba anazubaa. Tunampa karatasi aipulize ipeperuke. Anapuliza, anapuliza, ghafla anaacha, macho yamekodoa, karatasi imetulia mkononi. Kwenye kompyuta mistari yote imelipuka pamoja, wimbi kali na wimbi pana, mara 3 kwa sekunde. Wakati huo tunatamka neno moja: "Ndizi." Sekunde kumi hivi zinapita, anaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunamwuliza, "Mwanangu, nilisema nini?" Akiwa hakusikia, mama aliyekaa kando anaelewa papo hapo kwamba mtoto wake hakuwa mvivu wala mkaidi.

Baadaye taa itawekwa karibu na uso, kama sentimita 30, imwekemweke kwa kasi tofauti kuanzia mara 1 hadi 30 hivi kwa sekunde, kwa vipindi vifupi. Ni wachache ambao ubongo wao hushtushwa na mwanga, na dalili ikijitokeza taa huzimwa mara moja.

Ukianguka kifafa katikati ya kipimo hakuna atakayekimbia. Tunakulaza ubavu, tunaangalia saa, tunaacha mashine iendelee, na tukio likipita dakika 5 dawa ya kulikatiza inatolewa. Povu haliambukizi. Kipimo kilichonasa tukio lenyewe kina thamani kubwa, na wakati mwingine kinaonyesha mwili unatikisika huku ubongo ukiwa hauna mawimbi ya kifafa. Hali hiyo ni ya kweli, mgonjwa hajifanyi, na ina tiba yake tofauti na vidonge vya kifafa.

Aliyekupima hatakuambia majibu, hata ukimsihi. Kipimo cha dakika 20 ni kurasa 120 za sekunde kumi kumi, na daktari aliyesomea kazi hiyo anazipitia moja moja.

Majibu ndiyo yanayowaumiza watu zaidi, kwa kueleweka vibaya. Kati ya watu wenye kifafa, takriban nusu tu ndio wanaoonyesha dalili kwenye EEG ya kwanza. Kipimo hakikukosea. Kilirekodi nusu saa, na nusu saa hiyo ubongo ulikuwa umetulia. Kurudia, hasa kwa usingizi, huongeza idadi ya wanaoonekana. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa "kawaida", haifuti kile ambacho familia iliona kwa macho yake, haimaanishi jini, na haikupi ruhusa ya kuacha vidonge. Upande wa pili nao upo: watu wachache wasiowahi kuanguka maishani wana mawimbi makali kwenye EEG, nao hawatibiwi kwa sababu ya karatasi. Daktari huanza na maelezo ya tukio.

EEG pia haionyeshi chanzo. Uvimbe, kovu la ajali, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyojenga vifuko kwenye ubongo huonekana kwa vipimo vya picha, siti skani au MRI. Mtoto aliyepata degedege la homa mara moja, fupi, akapona vizuri, kwa kawaida haihitaji, wala mtu mwenye maumivu ya kichwa tu. Ukiandikiwa kwa sababu hizo, uliza kipimo kitabadilisha nini kwenye matibabu kabla ya kulipia.

Omba nakala ya majibu uitunze pamoja na za zamani, maana EEG husomwa vizuri zaidi ikilinganishwa na iliyotangulia. Pesti iliyobaki kichwani loweka kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuchana, ukichana ikiwa kavu inang'oa nywele. Wekundu kidogo kwenye vituo huisha kwa siku moja. Mafuta unaweza kupaka siku hiyo hiyo, na kusuka pia, ila kwanza uliza kama daktari atataka kipimo cha pili cha usingizi, kabla hujakaa kwenye kiti cha msusi.